Moto wa Mahameni Mitole

KITUO CHA POLISI, KILWA MASOKO
Maelezo ya shahidi, 20 Oktoba 1975

Jina: Kidawa binti Yahya
Umri: miaka 36
Kazi: mkulima
Makazi: Kijiji cha Ujamaa, Mitole

Mimi ni mtoto wa Kazija binti Tawakali, ambaye sasa amelazwa hospitali, mikono yote miwili imeungua. Mwaka jana tulihamishiwa kijijini, lakini mikorosho yetu ilibaki mahameni, kule tulikotoka. Msimu wa korosho mama hurudi kuokota, akalala bandani. Mitole nzima inajua.

Mnamo tarehe 18 Oktoba, saa saba mchana, nilikuwa shamba la kijiji nikaona moshi upande wa mahameni. Nilikimbia. Nilimkuta mama amekaa chini, banda limeteketea, na mikorosho aliyoipanda marehemu baba inawaka. Aliungua akivuta gunia la korosho. Alikuwapo pia Mfaume Ismaili, balozi wetu wa nyumba kumi, anapigapiga moto kwa tawi. Nikamwuliza, "Umefanya nini, Mfaume?" Akasema, "Bahati mbaya, dada. Nilichoma shamba langu, upepo ukanizidi. Sikujua kama kuna mtu."

Bahati mbaya! Kwetu mtu akitaka kuchoma shamba anafyeka njia ya moto kuzunguka, anangoja jioni upepo utulie, halafu anapiga ukelele mpaka jirani aitikie. Hata mtoto anajua. Huyu hakufyeka, kachoma jua la utosi, kimya kimya. Nilipomwuliza mbona hakupiga ukelele, akanijibu, "Ningemwita nani? Haya si mahame?"

Jana viongozi wa kijiji walinijia. "Kidawa, tuyamalize nyumbani, Mfaume ni mwenzetu." Nikaenda hospitali, na mama naye ananiambia nimsamehe. Nikamwambia, "Haya mama, labda kweli hakujua kama upo."

Mama akashangaa. "Hakujua vipi? Asubuhi ile alipita bandani, akaniamkia. Viberiti dukani hakuna, akaniomba moto. Nikamtilia makaa kwenye kigae cha chungu changu, nikamwambia angoje jioni. Akaitikia, 'Ndiyo, mama.'"

Leo alfajiri nilikwenda kwenye shamba la Mfaume nikakiokota kigae ukingoni. Ndicho hiki nilichokuwekea mezani, afande. Nakshi hizi kazifinyanga mama kwa kucha zake, zile zile zilizoungua. Mama kasamehe, hiyo ni roho yake. Mimi sijasamehe. Kama kuna sheria ya mtu anayechoma ovyo, basi ndiyo ninayoitaka, ubalozi wake usimkinge.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, na nitayasema mbele ya Mfaume mwenyewe.

(Dole gumba la kushoto la Kidawa binti Yahya)

Nimeyaandika mimi, Koplo Kornelio, nikamsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi. Kigae kimoja chenye majivu kimepokewa kuwa kielelezo. Shahidi alikataa kuketi tangu mwanzo. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema: "Mkimkamata, msimwulize kwa nini alichoma. Mwulizeni moto aliupata kwa nani."