Mko Wangapi wa Mama Mmoja?

Kambi ya Wachimbaji,
Ng'ambo ya mlima.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu zangu, mimi kaka yako. Hujambo? Na mama hajambo na magoti yake? Mimi mzima, ila kifua kinabanwa na vumbi. Huku kambini simu haishiki, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, shule tuliachana mapema, kwa hiyo soma polepole.

Barua yako nimeipata. Umenieleza mazishi ya Baba, na jinsi wenzake wa vitani walivyopiga saluti huku wameegemea mikongojo. Nilikaa kitandani nikalia, wenzangu wakajifanya wanafua nguo.

Miaka tisini na kitu si haba. Alirudi vitani na sikio moja linalosikia, akaoa, akazaa saba, akashona viatu vya mtaa mzima mpaka vidole vikagoma kunyooka. Hakuwahi kuinua mkono kwa mama, wala kulala njaa sisi hatukuwahi.

Wewe umezaliwa kashazeeka, vituko vyake vingi hukuviona. Hakutaka watoto wake wawili wapande gari moja. Siku ya harusi ya dada alitutawanya kwenye mabasi tofauti, yeye akaja kwa miguu, akafika wageni wanachokonoa meno. Shangazi akamwambia, "Kaka, leo umeoza binti au umeoza miguu?" Alicheka mpaka machozi. Lakini wakati wa kurudi alitutawanya vilevile.

Sababu alinieleza mara moja tu, dukani, huku anapigilia kisigino. Walikwenda vitani yeye na kaka zake wawili. Mkubwa wao wa jeshi akawaweka handaki moja, akisema ndugu hawakimbiani. Na kweli hawakukimbiana. Bomu lilipomfukia wa kwanza, wa pili alirudi kumfukua kwa mikono, udongo ukashuka tena. Baba alikuwa amekwenda kuteka maji. Alirudi na ndoo imejaa, hana wa kumpa.

Ndiyo maana nilipompigia simu kumwambia nimepata kazi ya kuchimba handaki la maji, hakunipongeza. Aliuliza tu, "Mko wangapi wa mama mmoja?" Nikamjibu niko peke yangu. Akasema, "Basi chimba." Mshahara hakuuliza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unasema wakala wa ajira amekukubali, mwezi ujao unakuja huku tuwe pamoja. Ulidhani nitafurahi. Aliyefurahi ni msimamizi wetu. Juzi alinipiga bega, "Mdogo wako nitampanga mbele yako, kule mwisho. Ndugu hawakimbiani!" Maneno yaleyale, na msimamizi huyu hakuwahi kukutana na Baba.

Hapa usimsomee mama. Mlima huu hautaki. Tangu wiki iliyopita dari inadondosha maji palipokuwa pakavu, na nguzo tulizosimika wima zimeanza kupinda kama mtu aliyetwishwa gunia. Keekee za kutoboa mwamba zikizimwa tunasikia mbao zinalia. Mzee mmoja, kazi yake ni kusimika hizo nguzo, alikuwa haachi kuimba. Sasa ameacha. Tukamtania, "Vipi mzee, sauti umeiuza?" Akajibu, "Nasikiliza." Hakuna aliyecheka. Msimamizi tumemwambia, anasema mlima unajinyoosha tu, utatulia.

Mimi kuondoka siwezi kabla mkataba haujaisha, hati zangu za kusafiria wamezishika wao. Wewe zako bado unazo.

Utasema kaka kawa mwoga. Naogopa, ndiyo. Lakini nikiwa peke yangu woga una faida. Siku ukuta ukitoa sauti nitatupa sururu na kukimbia bila kugeuka, na aibu sitaona. Wewe ukiwa kule ndani sitakimbia. Najijua. Nitarudi kukufukua kwa mikono, na mama atatuzika wote wawili siku moja, kama tutapatikana.

Kwa hiyo mwambie wakala umeghairi. Akikuita mwoga, mwitikie. Ufunguo wa duka la Baba anao mama, na watu hawajaacha kuvaa viatu. Nakuomba, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu.

Nisalimie mama, dada na watoto wake, na shangazi umwambie ulimi wake ninaukumbuka. Mungu akuweke juu ya ardhi, mkavu, uzeeke mpaka watoto wako wakuchoke.

Nijibu upesi, tafadhali. Msimamizi ameshapigilia msumari kando ya ule wa kofia yangu ya kazi, na kofia yako ameitundika.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika.