Padrino wa Yaretzi

Jumapili, 11 Mei

Nimeongea na nyumbani. Jana ilikuwa Siku ya Akina Mama, laini zilijaa, sikumpata Otilia kabisa. Leo amesema si kitu. Mke wangu akisema si kitu, najua ni kitu.

Halafu akampa simu Yaretzi. Binti yangu hana maneno mengi na mimi. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula. Leo ameongea! Anamaliza sekondari ya chini. Mahafali ni Ijumaa tarehe 11 Julai. Asubuhi misa, mchana vyeti, saa kumi dansi ya vals kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Wasichana wote wanavaa gauni rangi ya divai. Kila mmoja anacheza na baba yake kwanza, halafu na padrino wake, mtu anayemsimamia kwa heshima siku hiyo.

Kisha akauliza: 

"Utakuja, Baba, au nimwambie mjomba?"

Nikasema nitakuja. Neno limenitoka tu.

Alipomaliza chekechea nilikuwa huku Kanada. Alipomaliza shule ya msingi nilikuwa huku. Februari naondoka Tlaxcala, Oktoba narudi, kila mwaka. Na mwezi wa nane yeye anahamia Puebla kwa shangazi yake, sekondari ya juu iko huko. Oktoba nitakuta kitanda kimetandikwa. Basi ni Julai hii. Nyingine hakuna.

Jumatano, 21 Mei

Nje watu wamevaa makoti, sisi ndani ya banda la vioo tunachuruzika jasho. Nyanya zimeshika kasi, zinaiva bila kutuuliza.

Nimemwomba don Abundio, nyapara wetu, ruhusa ya wiki moja Julai. Alikuwa amenipa mgongo, anakagua mashina. Hakugeuka.

"Julai? Wewe Tlaxcala una homa? Julai hata maiti haitoki humu mpaka ijaze toroli."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mjinga!

Nabor, Mveracruz anayelala kitanda cha juu yangu, ananiambia nimuulize bosi mwenyewe. Kwa lugha gani? Bosi Klaas anajua maneno yetu matatu: haraka, nzuri, kesho. Na hata angenielewa, ingesaidia nini? Mwaka juzi mwenzetu Romualdo aliondoka katikati ya mkataba kwenda kumzika mama yake. Hakufukuzwa. Alipewa mkono wa pole, akapelekwa uwanja wa ndege. Ila mwaka uliofuata hakuitwa tena. Nyumba yake haina paa upande mmoja mpaka leo.

Huku hakuna aliyetufunga. Mlango wa bweni uko wazi. Hilo ndilo linalochosha zaidi.

Jumapili, 1 Juni

Yaretzi amenitumia video ya hatua za vals. Yuko uani, amekumbatia fagio, kuku wanapita. "Moja mbili tatu, Baba. Teleza, usiruke. Usinitie aibu."

Nabor akajitolea kuwa binti yangu. Akajifunga taulo kiunoni, akatia maua ya plastiki ya jikoni nyuma ya sikio. Tukasukuma meza.

"Unanikanyaga, Baba!" analia kwa sauti nyembamba. "Mama alisema unatoka Kanada, kumbe umetoka zizini!"

Bweni zima hoi kwa kicheko. Lakini tulipozoea, ikakaa sawa. Moja mbili tatu. Nabor ni mwepesi kwa mtu wa tumbo lile. Kwa muda kidogo nilisahau mgongo.

Kisha akauliza, padrino wake ni nani? Nikasema hatujapata bado, wengi kijijini wameshachukuliwa.

Sasa nafua nguo, na limenijia wazo. Padrino wa mtoto wangu anakuwa kompadre wangu, kama ndugu, hiyo haina mjadala. Kompadre hatukanwi. Kompadre hanyimwi kitu.

Na don Abundio je?

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya.

Nilimkuta amekaa nje ya chumba cha boila anakula mkate wake peke yake, kama kila siku. Nikavua kofia. Nikasema kama inavyosemwa: mimi na mke wangu tunakuomba utupe heshima ya kuwa padrino wa mahafali wa binti yetu.

Nilitegemea aulize kwa nini. Nilikuwa nimeandaa jibu. Hakuuliza. Aliweka mkate chini. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akafuta tena. Huyu mtu ana miaka mingi hapa, ana karatasi zake za kudumu, mke walitengana zamani, mtoto hawakupata. Akasema hakuna aliyewahi kumwomba. Si ubatizo, si kipaimara, hakuna. Watu wanamwogopa, anajua.

Halafu akalia! Nyapara! Machozi yanaingia kwenye masharubu.

"Kompadre," akasema. Akanikumbatia, ananuka nyanya kama mimi.

Nikasema moyoni, Tello, umeshafika nyumbani.

Jambo moja tu. Nilikuwa nimepanga kumtumia. Sikupanga anipende.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo yamebadilika kama nilivyotaka. Haniiti tena "wewe Tlaxcala". Ananiita kompadre mbele ya watu wote, kwa adabu, kama tuko kanisani. Amenitoa kwenye mistari ya ukutani, penye joto kali. Nabor anainama kila nikipita: "Pisha, mkubwa, nyanya zangu zisikuchafue."

Nangoja kidogo tu, nisionekane nina haraka. Jumatatu ya wiki ijayo nitamwomba ruhusa.

Ijumaa, 20 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jumatatu hakuwepo, alikuwa na bosi ofisini. Jumanne vilevile. Leo mchana amekuja mbio kwenye mstari wangu, anacheka meno yote nje.

"Kompadre! Nimepata!"

Amepata nini? Ruhusa! Yeye! Amemwambia bosi kwamba yeye ni padrino, lazima asimame na binti kanisani, hajawahi kuomba hata siku moja. Bosi amekubali, wiki moja. Ila bosi akauliza, wakati wa mavuno sehemu hii ataishika nani? Mtu mmoja ndiye anayeweza kutoka, wawili haiwezekani.

"Nikamwambia sina mtu ninayemwamini ila kompadre wangu. Nimekupandisha cheo!" Akanipiga bega. "Wiki nzima wewe ndiye nyapara. Mwambie Otilia, afurahi."

Nikasema asante.

Asante! Hilo ndilo neno lililotoka. Ningesema nini? Kwamba nilikuomba ili unitoe mimi? Kwamba nilivua kofia kwa hila? Yule mtu ameshanunua suti. Ameniuliza kama rangi ya kijivu inamfaa.

Wala padrino harudishwi. Ukimrudisha umemtemea mate.

Nabor alikuwa anasikiliza nyuma ya majani. Nilingoja utani wake. Akachukua toroli langu, akalisukuma yeye. Hapo ndipo nikajua ni vibaya.

Jumapili, 29 Juni

Zaidi ya wiki nimekwepa kuwaambia nyumbani. Leo nimesema.

Otilia akaanza kucheka, kicheko kile cha hasira. "Ulikuwa na ndugu zangu watatu wa kuwaomba. Watatu, Tello! Ukaenda kumwomba mlinzi wa mlango wako." Kisha akauliza anakula nini, anakunywa au hanywi, atalala wapi. Kuku wa mchuzi wa mole wameshachaguliwa.

Yaretzi akachukua simu.

"Kwa hiyo umemtuma mtu."

Nikasema si hivyo, mwanangu, ni mtu mzuri, mambo yamegeuka.

"Najua. Yanageuka kila mwaka."

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Akaniambia Profesa, mwalimu wao, amepanga jozi zote kwenye karatasi, jina langu lipo, hatalifuta mpaka siku yenyewe. Kisha akaenda mazoezini.

Jioni don Abundio akaja bweni na chupa ya soda na maswali. Binti anapenda maua gani? Kidole chake cha pete kikoje, chembamba? Ni mrefu, atamfikia wapi akicheza naye? Anapenda kusoma nini?

Sikujua hata moja. Nikasema waridi. Nikaonyesha urefu kwa mkono, hapa, kifuani. Baada ya kuondoka nikatazama tena ile video ya fagio. Ni mrefu kuliko mlango wa jiko.

Jumamosi, 5 Julai

Nimejaribu kwa bosi Klaas. Ilibidi nijaribu.

Nabor alinifundisha maneno kwenye simu yake, nikayarudia mstari mzima kama rozari. Binti yangu. Shule. Ijumaa. Nyumbani. Nikamsimamisha penye mizani. Nikayasema yote, nadhani kwa mpangilio.

Akanitazama. Uso ukafunguka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa.

"Nzuri!" akasema. "Nzuri, nzuri!"

Akaondoka. Baadaye mtu wa mapokezi akaniletea keki ndogo kutoka kwake.

Tumeila. Nabor alikula vipande viwili na kusema angalau ruhusa hii ina krimu.

Jumanne, 8 Julai

Kompadre ameondoka alfajiri. Suti kwenye mfuko wa plastiki, ameibeba mikononi kama mtoto. Alinipa funguo, filimbi, na redio ya kuongelea. Alinishika uso.

"Nitacheza naye kama wa kwangu," akasema.

Ndicho ninachoogopa, kompadre. Hilo sikulisema.

Kazi ya nyapara haichoshi mgongo, inachosha mdomo. Nikiingia jikoni mazungumzo yanakatika. Jana walikuwa wananiita Tello. Leo kuna kijana wa Chiapas ameniita don, kama mkubwa. Niligeuka kuangalia nyuma.

Alhamisi, 10 Julai

Malori ya ziada. Joto limepasua nyanya, lazima zitoke kabla ya Jumapili. Bosi anataka tuvune mpaka saa moja jioni, leo na kesho. Kesho! Vals yao ya saa kumi, huku ni saa kumi na mbili. Nilidhani nitakuwa bweni, nimeoga, nimevaa shati, simu mezani. Nilikuwa nimemwahidi hilo Otilia angalau.

Ni mimi niliyepuliza filimbi kuwatangazia watu. Walinitukana kwa sauti ya chini, kama tulivyomtukana kompadre.

Otilia ametuma picha. Don Abundio kwenye kiti changu, amekunja mikono ya shati, anasaga pilipili. Mama yangu yuko pembeni anamcheka. Amekaa vizuri mno.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi ilienda vizuri. Nilipata picha za misa. Yaretzi kwenye gauni lile — sitaandika, sina maneno yake. Cheti mkononi. Kompadre nyuma yake, suti ya kijivu, ameshika waridi kama ameshika bomu. Kumbe Yaretzi hapendi waridi, Otilia kaniambia, lakini ameyapokea na kumbusu shavuni.

Mchana nilisema nitajiiba dakika kumi tu wakati wa vals. Nani ataniona?

Saa kumi na mbili simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Bosi alikuwa ubavuni mwangu. Yeye na watu wawili wa lori, ananionyesha kwa kidole mzigo upi uende kwanza. Simu inatetemeka, inaacha, inatetemeka. Niliweka mkono juu yake. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikakokota toroli. Nikarudi. Mara nne nadhani ilitetemeka. Ningeweza kuitoa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mkono haukutoka, umeshazoea.

Sasa nipo nyuma ya boila, kwenye stuli ya nyapara. Napiga, haishiki. Kijiji kizima kiko kwenye mtandao. Ila ujumbe wa sauti unaingia na ujumbe wa kuandika unakwenda.

Wa kwanza, Otilia. Nyuma yake muziki, na mtu wa kipaza sauti anasema akina baba, wachukueni binti zenu.

"Tello, pokea. Wenzake wote wanacheza, yuko peke yake katikati ya uwanja. Kompadre amemnyooshea mkono, amekataa. Kwa adabu, lakini amekataa. Anasema kwanza ni baba, ndivyo walivyofanya mazoezi. Nimemwambia baba hayupo. Anasema basi baba aseme mwenyewe kwamba hayupo."

Wa pili umeingia sasa hivi. Hakuna muziki. Watu wengi na hakuna muziki.

"Profesa amesimamisha. Anasema watarudia tangu mwanzo kwa ajili yake, mara moja tu. Masikini kompadre, mkono bado uko hewani, hajui aurudishe au auache, anatokwa na machozi. Bibi yake Yaretzi amemwita, hasogei. Nimemshikia simu hapa, anaitazama. Mwambie kitu, Tello. Lolote."

Nimeandika: Mimi sipo, mwanangu. Cheza na padrino wako.

Maneno yapo kwenye kioo. Sijayatuma. Naandika hapa ili kidole kipate kazi nyingine. Nikituma atacheza, namjua, atacheza vizuri na kichwa juu, na hataniuliza tena Julai yoyote. Nisipotuma amesimama pale.

Bosi ananiita kutoka njia kuu. Haraka, Tello, haraka!

Nimeitika. Sijasimama.