Ndege Yako Nyeusi, Ndege Yangu Nyeupe

Rafiki yangu Wafula,

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya kuvua kofia, natangaza rasmi kwamba vile viti vyekundu vya plastiki vya mkahawa wa chai pale Suwaidi vimeondolewa. Badala yake vimeletwa vya buluu. Hakuna aliyejeruhiwa. Kile chako, kilichofungwa mguu kwa waya, kilisindikizwa jalalani kwa heshima zote, yaani kilitupwa. Nilisimama wima mpaka lori la taka likaondoka. Madam alikuwa garini ananingoja, akapiga honi: yalla, Mwadime, unaomboleza nini? Nikamwambia, kiti. Akaniangalia vile anavyoniangalia siku zote, kama mtu aliyeletewa dereva na ajenti bila kuonyeshwa picha kwanza.

Hayo ndiyo mapya makubwa ya Riyadh. Mengine ni madogo madogo: tumbo langu limeongezeka, nywele zimepungua, na wewe umekufa.

Usinikasirikie kwa kuanza na mzaha. Kwetu pwani mtani ana haki ya kumtania marehemu mpaka kaburini. Anaruhusiwa kusimama mlangoni azuie jeneza lisitoke, alalamike kwamba maiti ni mzito kwa ajili ya ugali aliokula, na wafiwa wacheke huku wakilia. Mimi na wewe tulifanyana watani siku ya kwanza kabisa, kwenye ndege kutoka Nairobi, mimi Mtaita, wewe Mbukusu, wote wawili vijana wa zamani tuliozolewa na ajenti mmoja. Uliniuliza kama mimi ndiye rubani, maana nilikuwa nimevaa tai. Nilivaa tai kwenda kuwa dereva wa kupeleka watoto shule! Na hukuisahau tai ile mpaka mwisho.

Ulipozikwa Bungoma mimi nilikuwa huku, nampeleka madam kwa fundi wa nguo. Kwa hiyo jeneza lako lilipita mlangoni bila kuzuiwa na mtu. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Basi nalizuia hapa. Ngoja kidogo, usitoke bado, nina neno.

Neno lenyewe ni la Nekesa. Binti yako hunipigia kila Jumapili, na kila Jumapili, tukishamaliza habari za mvua na za bibi yake, anauliza swali lile lile: “Anko, mbona baba hakuniambia ni mgonjwa? Aliniona mimi bado mtoto?” Nami namjibu kwa kukohoa. Ninalo jibu, ila lina makali pande mbili. Kabla sijampa, nataka nizungumze na wewe kwanza, na wewe unajua hatukuwahi kuzungumza jambo zito bila kupitia kwenye ubishi wetu wa ndege.

Sijui nani alitutia wazimu ule. Nafikiri ni zile video za simu, Ijumaa za mapumziko, kikombe cha chai ya maziwa mbele yetu. Wenzetu walibishana mpira. Sisi tulibishana ndege za mabomu za masafa marefu. Wewe ulishika ile nyeusi ya Mmarekani, isiyo na mkia, iliyokaa kama popo aliyekanyagwa na gari. Mimi nikashika ile nyeupe ya Mrusi, shingo ndefu kama korongo, inayokunja mabawa nyuma na kupasua anga mara mbili ya kasi ya sauti. Swali lilikuwa moja tu: vita ikiwaka kweli, ni ipi itakayorudi nyumbani? Ulikuwa ukisema, “Mzee, ndege si ile inayofika. Kufika hata jiwe linafika. Ndege ni ile inayorudi.”

Nikikwambia kasi, uliniambia kombora lina kasi zaidi. Ndege ikienda mara mbili ya sauti, kombora linakwenda mara nne, na halichoki wala halina mke wa kumfikiria. Tena hiyo nyeupe yako, ulisema, ikifungulia moto nyuma inang'aa kwa joto kama tanuri la mkate, kila mwenye jicho la kuona joto anaiona kutoka mbali, na mafuta yanakwisha kabla rubani hajamaliza kujisifu. Nikikwambia ile yako inatambaa, haifikii hata sauti ya mtu anayepiga kelele, ulicheka: “Ina haraka ya nini na hakuna anayejua iko wapi?”

Nilikupata mara chache. Nilikupata niliposoma kwamba ngozi yake ni ya kudekezwa, inahitaji banda lenye kiyoyozi na mafundi wa kuipakapaka, kama madam siku ya harusi. Nilikupata na zile rada kuukuu za mawimbi marefu, ambazo haziwezi kulenga lakini zinaweza kushuku kwamba kuna kitu kinapita. Ukasema kushukiwa si kukamatwa, Mzee, sisi wote hapa tunashukiwa. Mkahawa mzima ukacheka.

Na nakumbuka siku nilipojitetea kwa ukweli: kwamba hata nyeupe yangu haiponi kwa mbio. Inapona kwa kutokaribia. Inasimama mbali, inaachia makombora yake, inageuza. Mbio ni za kuwahi pale pa kuachia na za kuondokea. Ulikunywa chai, kisha ukasema, “Kwa hiyo unakubali. Hata yako inaogopa kuonekana.” Nikakuchukia mpaka Ijumaa iliyofuata.

Kisha ukahamia Jeddah, bandarini, ukarani wa kukagua makontena, na ubishi ukahamia kwenye simu. Hapo ndipo nilipopaswa kuwa rada, Wafula, na ni rada gani mimi, dereva ninayepotea kwenye maegesho ya maduka. Kwanza ulisema umenenepa. Samaki wa Jeddah, ulisema, wamenifanya bwana mkubwa. Kisha kwenye video ukawa unaonyesha uso tu, tena paji la uso, nusu yake. Kisha ukasema mtandao mbovu, tupigiane sauti. Kumbe miguu ilikuwa imevimba haiingii kwenye viatu. Yule Mganda mliyelala naye chumba kimoja ndiye aliyenieleza baadaye: ulikuwa hunywi maji kazini kwa sababu choo kiko mbali na jua halina adabu, mafigo yakachoka, nawe ukavaa suruali pana na kukaa kimya. Ikama, kile kibali cha kukaa huku, ilikuwa inakaribia kwisha, na kuihuisha kuna kupimwa. Ulimwambia, wakiona hii, halas, basi, narudishwa, na Nekesa yuko chuoni.

Ulijipaka ile rangi nyeusi, bwana. Kafili, mwajiri mwenye kibali chako, hakukuona. Daktari hakukuona. Mimi sikukuona. Nekesa hakukuona.

Sasa sikia nilichokipata baada ya wewe kuondoka, na ningetoa mshahara wangu wa mwezi kuiona sura yako nikikisema pale mkahawani. Ile ndege yako nyeusi ikiwa kwao, Wafula, haijifichi. Rubani anawasha kifaa kinachojibu rada za wenyewe: mimi ni fulani, niko hapa, niko juu kiasi hiki. Lazima, la sivyo waongozaji wa kwao hawataiona, na itagongana na ndege ya wenzake iliyobeba abiria wanaokula karanga. Kujificha ni kwa adui. Kwenu unawasha. Ningekumaliza siku hiyo! Ningesimama juu ya kiti, chekundu au cha buluu, nikawanunulia chai wote. Badala yake nilikisoma nikiwa peke yangu garini nje ya saluni, na nikakaa nacho tu. Hakuna wa kumshinda.

Halafu nikakumbuka kwamba uliwasha. Ulichelewa, lakini uliwasha. Hilo ndilo jibu la Nekesa, na hilo ndilo lenye makali.

Kwaheri naisema sasa hivi, kabla ya mwisho, kwa sababu nikishasimulia sitaiweza. Nenda, mtani wangu. Jeneza lako ni zito kweli, ule ugali haukupotea bure. Nafungua mlango, pita. Na ahadi yangu ni hii: Jumapili hii akipiga sitakohoa. Nitamwambia kama nitakavyokwambia hapa, bila kupunguza cha kuuma na bila kuongeza cha kufurahisha. Wewe mwenyewe hukujua ilivyoisha, ulikuwa umeshalala, kwa hiyo sikiliza.

Mganda alinipigia asubuhi, kwamba umeanguka langoni bandarini na umepelekwa hospitali. Nilimwambia madam. Sikutarajia chochote. Yule mama alinipa ufunguo wa gari kubwa, akasema nenda, watoto nitawapeleka mwenyewe. Nikaingia barabara ya Jeddah, mimi mtetezi mkuu wa kasi, na unajua nilikwendaje? Kwa mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Kamera zimejaa njia nzima na gari si langu. Malori ya mbuzi yalinipita. Nililia kidogo karibu na Taif, si kwa huzuni, kwa aibu.

Nilifika alasiri. Ulikuwa macho, una mrija puani. Ulinitazama mpaka miguuni, ukasema, “Umechelewa, wewe mwenye ndege nyeupe.” Ukacheka, ukakohoa. Kisha ukaacha kucheka, ukasema, “Mpigie Nekesa. Nataka nimwambie mimi mwenyewe.” Hukusema nimwambie mimi. Ulisema wewe.

Nikapiga. Haikushikwa. Alikuwa darasani, simu iko ndani ya mkoba. Ukasema jaribu tena baadaye, ukafumba macho ukingoja, na mashine zikaanza kulia, wakanitoa nje. Waliponirudisha ulikuwa hujibu tena. Jioni simu ikaita mkononi mwangu. Ni yeye, ameona namba, anauliza kuna nini. Nikamwambia baba yako yuko hapa, amechoka, hawezi kuzungumza, zungumza wewe.

Nikakuwekea simu sikioni. Hakujua. Alizungumza kwa furaha, kwa muda mrefu. Alikueleza kuhusu mwalimu anayenusa tumbaku darasani, na kwamba ng'ombe wa bibi amezaa ndama mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na kwamba amepata viatu. Akasema, “Baba, mbona leo wewe ndiye unasikiliza?” akacheka. Akasema atapiga kesho.

Watu wangependa niseme ulitabasamu. Hukutabasamu. Uso wako haukubadilika kabisa. Alipotaja yule ndama, kidole chako kimoja cha mkono wa kulia kilisogea juu ya shuka, mara moja tu, nikamwita nesi mbio. Akatazama, akasema kwa upole ni mwili tu, huwa unafanya hivyo. Ulifariki kabla ya alfajiri.

Nitamwambia Nekesa vyote viwili: kwamba kidole kilisogea, na kwamba nesi alisema vile.

Mtani wako,
Mwadime