Wanaokunja Mbawa

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimefua, nimeanika, nimepalilia mtama kidogo. Baba Kulwa yuko lamboni tena. Tangu wanunuzi binafsi waingie, pamba safi na fifi, ile ya daraja la chini, zinashindiliwa gunia moja. Mpanga madaraja wa nini? Jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ikampunguza kazini. Sasa mume wangu anawapanga kereng'ende.

Alhamisi, 7 Machi
Wale wanene hutua wametandaza mbawa. Kundi moja hilo. Wembamba kama sindano huzikunja mgongoni, na macho yao yametengana. Hao ndio anaowataka. Watoto wao huishi majini, mkiani wana vitu vitatu kama majani, vya kupumulia. Amenionyesha mmoja ndani ya bakuli langu la mboga. Nimechukia. Bakuli nimelisugua kwa majivu.

Jumanne, 12 Machi
Nilimpelekea chakula. Yumo majini hadi kidevuni, jua la utosi. Ng'ombe wa jirani wanamtazama, hawataki kunywa. Kereng'ende wamemjaa kichwani, wembamba watupu, mbawa zimekunjwa, wote wameelekea upande mmoja. Hawafukuzi. Alisema jike huzama chini kabisa kutaga mayai kwenye mashina ya matete. Hukaa huko muda mrefu.
"Anapumua nini?"
"Hewa anayoshuka nayo. Inamganda mwilini."
Akatabasamu. Naogopa.

Jumatano
Mama mkwe anasema mwanawe ameitwa. Sikuuliza na nani.

Jumapili, 17 Machi
Sikwenda kanisani. Nilimfuata. Aliingia na shati lake, akazama. Maji yakatulia. Nikasali Baba Yetu, nikairudia, nikairudia. Hata povu hakuna. Nikapiga mwano, ukelele wa kuomba msaada, watu wakaja mbio. Shemeji Masanja, mdogo wake, akapiga mbizi. Alimkuta ameketi chini, amekumbatia matete, macho wazi. Akamvuta mpaka nchi kavu. Hakukohoa. Hakutapika maji. Aliutazama tu mkono wa mdogo wake.
"Mlikuwa na haraka gani?"
Masanja analia mpaka sasa. Mimi nimekasirika, basi. Angeniachia watoto wawili na shamba la magugu.

Jumatano, 20 Machi
Mvua tangu asubuhi. Yuko ndani, halitaji lambo. Amekula ugali na samaki wa Lamadi, akamaliza. Vidole vyake bado vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka majini sasa hivi. Nimevifuta kwa khanga, nikavishika mpaka akasinzia. Vya baridi.