Maua ya Kochi Letu

Tuwan, Kitale

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku tuko salama. Mjomba wako amevuna mahindi kule shamba la Kwanza, na shangazi yako wa Bungoma amepata mapacha.

Unasema wenzako chuoni wanabisha kwamba ramani ya treni za chini ya ardhi za jiji lile la ng'ambo nililosomea unesi haijawahi kutoka nje ya nchi ile. Unaniuliza, ati ni kweli?

Ilikuwa ukutani stesheni, na kuinakili ilikuwa marufuku. Lakini nilitaka mama aone nilikopita. Basi niliikariri kidogo kidogo, nikirudi hosteli naishona kwenye kitambaa: kila njia uzi wa rangi yake, kila stesheni ua.

Siku ya kurudi, askari wa uwanja wa ndege alininyang'anya madaftari yote. Kitambaa alikikunjua, akakitazama sana, akasema, "Mama yako atapenda maua haya." Akanikunjia mwenyewe. Nilipanda ndege kama bibi harusi. Kumbe kazi ya sindano watu huitazama tu, hawaisomi.

Waambie wenzako ramani ilitoka. Iko kwenye kochi letu, na wewe uliimwagia uji ukiwa mdogo.

Bibi yako, Kukhu wako anayekupenda