Aliyekuja Kuosha Mgongo wa Baba

Kure,
Septemba, 1935

Kwako Dada yangu Mitsuno,

Pokea salamu za moyo wangu wote, wewe na shemeji, na umpakate mwanao kidogo kwa niaba ya mama yake mdogo. Mama mkwe wako je, kile kikohozi kimemwachia? Natumaini joto la Onomichi limepungua na sasa mnalala. Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, mimi nafua na kupika, na kiwanda cha manowari kinapiga makelele yake vilevile ulivyokiacha.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama nimekubali kuolewa na Tomezo. Kaa vizuri, Dada, maana jibu lake ni refu, na kabla sijalitoa nataka ujue jinsi nilivyokasirika.

Tangu Mama atutoke na wewe uende kwa mumeo, mimi ndiye niliyekuwa nikimsimulia Baba habari za mtaa mzima wakati wa chakula, naye akicheka mpaka wali unamtoka puani. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Sikuwa na nyingine, wala sikuitafuta.

Ugonjwa wake wa nyambizi za ukubwa wa kati unaujua. Ujana wake wote alizipigilia ribiti za kuunga mabamba ya chuma, tangu zile za mwanzo zilizoigwa kwa wageni, mpaka wakubwa walipojifunza kuchora za kwetu wenyewe. Kisha wakubwa haohao wakageuka, wakataka majitu makubwa ya kwenda hadi upande wa pili wa bahari na kurudi, na zile za kati hazikuagizwa tena. Baba akapelekwa kutia viraka matangi. Unakumbuka alivyokuwa akinuna? Akipita penye gati lenye nyambizi kubwa alikuwa akiuliza kwa sauti kama ile ni nyambizi au ghala la mchele. Alisema likitaka kuzama linajishauri kama shangazi mnene anayeingia maji ya moto. Kwa hiyo wivu wangu huu sikuuokota barabarani, nimeurithi.

Basi zikaagizwa mbili za kati, moja ijengwe hapa, nyingine Kobe. Zote ni za mfano, ili vita vikizuka waweze kujenga nyingi upesi. (Baba akijua nimekuandikia haya atanifungia ndani, kwa hiyo ukimaliza kusoma itie motoni uchomee samaki.) Akafanywa mnyapara wa ribiti wa ile ya kwetu. Siku hiyo alirudi na samaki mwekundu wa sherehe, akamweka mezani, akalia. Nami nikalia. Tulikuwa wawili tu, na tulitosha.

Halafu akamleta Tomezo.

Na amemtoa wapi? Kwenye kikosi cha zile nyambizi kubwa! Watu ambao Baba alikuwa hawasalimii. Kijana mwenyewe mrefu, mkimya, ana masikio kama mishikio ya chungu. Nilidhani amekuja kula siku moja. Kumbe amekuja kukaa. Baba akampa chumba chako, kisha akaanza kumpa vyangu. Shavu la samaki, lile ulilokuwa ukinigombania, likaenda kwake. Kwenye kuoga, Baba akitoka tu kwenye pipa, anayefuata ni Tomezo, mimi naingia mwisho kwenye maji yaliyopoa yenye harufu ya grisi. Na kazi ya kumsugua Baba mgongo, ambayo nimeifanya tangu Mama afe, nikaambiwa niiache, Tomezo yupo.

Wakikaa, wanakaa bega kwa bega. Wanagusanagusana kama watoto wenye siri. Mimi nikianza kusimulia habari, Baba anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, kisha anamtazama Tomezo. Hacheki tena. Bi Otsuya muuza tofu ya soya akaniuliza mlangoni, mbele ya watu, kama kweli baba yangu amezaa tena uzeeni. Nikamwambia auze tofu. Lakini ilinichoma, Dada, usiku nilikuwa nauma shuka.

Ndipo Baba akatamka lile unalolijua: Tomezo aingie nyumbani awe mwana wake, achukue jina letu la Kuramoto, kama desturi ya nyumba isiyo na mtoto wa kiume, na mimi niwe mkewe. Alitaka jibu kabla nyambizi haijatoka kwa safari yake ya kwanza ya kuzama, kwa sababu mnyapara huzama nayo, na hakutaka kushuka chini ya maji nyumba ikiwa haina mrithi. Nilisema nitafikiri. Moyoni nilikuwa nimeshafikiri: huyo Tomezo nitamfukuza.

Siku moja jua bado halijazama, Baba alikuwa kwenye pipa la kuogea nami niko nje nachochea moto. Nikamuuliza kama maji yanatosha. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikajiambia, ndiyo, siku hizi mpaka uulizwe na Tomezo ndipo ujibu! Basi, Dada, niliropoka. Niliuambia ule ukuta wa mbao kila kitu. Nilimwambia amenitupa kama gamba la ngisi, kwamba sitaolewa na yule mwizi wa mashavu ya samaki, kwamba bora nije kwako Onomichi niwe mtumishi wa mama mkwe wako. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Baba akajibu, kwa upole kabisa, "Vizuri, Shizue, ongeza kuni kidogo tu."

Nilibaki nimeshika kuni. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Kisha nikaita jina lake polepole, halafu kwa nguvu. Nikagonga ukuta kwa gogo. Ndani alikuwa anaimba.

Nilimbana Tomezo kisimani. Nikamwambia asiponieleza ukweli nitammwagia ndoo. Akaangalia chini, akasema masikio ya Baba yamekwisha, nyundo zimeyala. Akanieleza kwamba humo ndani ya chuma, wanapopigilia, hakuna anayesikia mtu, kwa hiyo watu wa ribiti huzungumza kwa kugongana mgongoni kwa kiungo cha kidole: mara moja, kila kitu sawa; mara mbili, simama, pamelegea; kusugua kwa duara, kuna nini? Baba aliendelea na lugha hiyo hata nje ya chuma, maana hakubakiwa na nyingine. Nyambizi ikikaguliwa, mnyapara hugonga kila ribiti kwa nyundo ndogo akisikiliza. Baba anagonga, Tomezo anasikiliza, kidole kinamwambia. Wakubwa wakijua, watamtoa siku hiyohiyo, na nyingine ya kati huenda asiione maishani.

Nikamuuliza yeye anapata faida gani. Akasema kule kwenye zile kubwa alikuwa karibu kupandishwa cheo, lakini hajawahi kuona mtu anayejua kugonga kama Baba, na alitaka kujifunza kabla mzee hajaacha. Kisha akaongeza kwamba mashavu ya samaki hayapendi, anayala kwa heshima.

Utadhani nilimhurumia. Hata! Nilimwonea wivu zaidi. Mimi binti yake nimekaa naye nyumba moja nikipiga soga na mtu asiyesikia, na huyu wa kuja ndiye aliyeaminiwa. Nilitaka kumsukuma kisimani.

Siku ya kuzama walikwenda wote wawili. Jibu nilikuwa bado sijatoa, na Baba hakuniuliza tena. Alivaa mkanda wa kitambaa uliokuwa wa Mama, akatoka. Tomezo alitembea nyuma yake, kiganja kikiwa mgongoni pake, na kwa mara ya kwanza niliona ni kwa nini. Nilishinda nikikatakata figili zisizohitajika. Walirudi kabla ya jioni. Tomezo akasema haikuvuja hata tone, na kwamba ilizama haraka mpaka ofisa mmoja akameza sigara yake. Baba, bila kuambiwa tunachozungumza, akasema hilo ghala la mchele likaone aibu sasa.

Sasa, Dada, sikiliza. Hili sijamwambia mtu.

Jioni ileile nilimwambia Tomezo aniachie mgongo wa Baba. Alisita, akanipa kitambaa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda ameelekea ukutani, macho ameyafumba kwa sababu ya sabuni. Nikamsugua kwa nguvu kama mwanamume. Kisha nikakunja kidole, nikasugua duara kati ya mabega yake. Kuna nini?

Halafu akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, "Tomezo, Shizue asijue. Nakuomba. Akijua sisikii ataacha kunisimulia. Sijui anasema nini siku hizi, lakini nikimwangalia mdomo wake unavyokwenda mbio, najua bado niko nyumbani kwangu."

Nikagonga mara moja. Nikatoka.

Kwa hiyo jibu ni hili: nimekubali. Harusi ni baada ya mavuno, na shemeji ndiye tunayemtegemea aje na pombe ya sake. Tomezo atachukua jina, chumba, nyundo na hata kuoga kabla yangu. Mashavu ya samaki tumekubaliana atanipitishia chini ya meza. Ila nimemwambia wazi kwamba wakati wa chakula Baba ni wangu, na asithubutu kukaa mahali panaponiziba taa. Kila jioni namsimulia mtaa mzima, na vingine nazua, maana hawezi kunikamata. Juzi nilimwambia Bi Otsuya ametoroka na mwendesha winchi. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha kubwa.

Ukija, usimpigie kelele masikioni wala usimwonee huruma. Kaa mbele yake uongee mengi. Lakini usiongee kuliko mimi.

Msalimie mama mkwe wako, mwambie ajifunike kifua. Msalimie shemeji. Baba anakusalimu, sikumuuliza, lakini najua.

Mdogo wako akupendaye,
Shizue