Prosesa Mbili na Jicho Moja la Mzee Liao

Mpendwa Shangazi Yueh-o,

Nakuomba unisaidie kabla sijafanya jambo la aibu, maana nimefika mahali nikisikia tu neno prosesa natafuta kitu cha kurusha, na mimi si mtu wa hasira, muulize yeyote hapa Huwei, lakini mume wangu Ching-yuan, mfanyakazi wa kiwanda cha taulo anayepiga video za harusi siku za mapumziko, ananitia wazimu, na safari hii wanaoumia si sisi wawili tu, ni baba yake pia.

Baba mkwe wangu, Mzee Liao, amecheza vikaragosi vya kuvaa mkononi miaka sitini, tangu akiwa na miaka kumi na minane, na sasa presha ya macho imemmaliza, jicho la kulia limeshakufa na la kushoto daktari anasema linaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa kunywea chai, na mrija wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Mwezi wa tatu, sikukuu ya Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, alicheza mbele ya hekalu kwa mara ya mwisho, saa mbili nzima, na Ching-yuan akaweka kamera nne, tatu mbele na moja nyuma kunasa mikono, akamwambia baba yake nitakutengenezea filamu. Mzee alifurahi mpaka akashindwa kula. Akasema, “Miaka sitini nimekaa nyuma ya jukwaa nasikia watu wanacheka. Sijawahi kuona wanachokicheka. Nataka nikae mbele mara moja.”

Basi ungedhani mtu akiambiwa hivyo na baba yake ataanza kazi siku ileile. Mume wangu akasema kompyuta yetu ni ya zamani, akichezesha kamera zote nne kwa pamoja inakwamakwama, kwa hiyo kwanza anunue mpya, na ili anunue mpya lazima achague prosesa, ule ubongo wa mashine, na hapo ndipo tulipozama.

Shangazi, prosesa zenyewe ni mbili tu. Moja ni ya kompyuta za mezani za kawaida, ina viini kumi na sita, ina kasi, haili umeme sana. Ya pili ni ya kompyuta za kazi nzito, zile za studio na ofisi za wachora majengo, ina viini thelathini na mbili, inabeba kumbukumbu nyingi, lakini inataka ubao wake maalumu na inatoa joto kama jiko. Nyumbani tunaziita Mezani na Studio, na naapa zimekuwa wake wenza wangu, tukila zipo, tukienda sokoni zipo, juzi namwonyesha uvimbe mguuni ananiambia, “Lakini Studio ikipakiwa kazi feni inapiga kelele, sijui kama utaweza kulala.” Ana jedwali lenye mistari mia na arobaini. Anajua sekunde ngapi kila moja inatumia kumaliza filamu ya mtu fulani wa Ujerumani asiyemjua, na filamu ya baba yake mwenyewe hajaifungua, diski mbili ziko kwenye droo ya televisheni, zimepata vumbi.

Halafu kuna hao watu wa mtandaoni. Anaandika orodha ya vifaa, ile wanayoiita menyu, anaiweka kwenye baraza lao anaomba waipime afya, yaani waseme kama vifaa vinapatana, na watu ambao hata majina yao hayajulikani wanamjibu. Mmoja anasema Mezani inatosha. Wa pili anasema, “Kamera nne kwa Mezani? Kaka, una utani.” Wa tatu anasema usinunue yoyote, toleo jipya liko njiani. Na yeye anaamini wote watatu. Tulienda Taichung dukani kwa fundi mmoja anaitwa A-piao, menyu ikaandikwa, kalamu iko mkononi mwa mume wangu, simu ikalia kama ndege, mtu kaandika jambo kuhusu joto na feni, mume wangu akaikunja karatasi akaiweka mfukoni. A-piao akamwambia, “Kaka Liao, hii ni menyu ya sita nakuandikia. Hata mgahawa ungekufukuza.” Nilicheka, lakini nilikaribia kulia.

Nikamshauri tukamuulize Mama Mazu. Akapiga magoti hekaluni na vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia miungu, akauliza, nichukue Mezani? Vikaanguka vyote bapa juu, vinayumbayumba sakafuni, yaani Mama anacheka, hajibu. Nichukue Studio? Anacheka. Basi ningoje toleo jipya? Anacheka tena, na bibi mmoja aliyekuwa anafagia majivu ya ubani akasema, “Mtoto wa Liao, umefanya nini wewe? Sijaona Mama anacheka mara tatu tangu uchaguzi.” Unajua mume wangu alielewa nini? Kwamba vipimo bado havijakamilika.

Mzee anauliza kila asubuhi tukila uji wa mchele. Anauliza huku anapapasa sahani ya figili kwa kijiti cha kulia, na mimi naisogeza kidogo kidogo ili asijue kwamba hakuipata.

“Filamu yangu iko wapi?”

“Baba, bado nalinganisha.”

“Unalinganisha nini, we mtoto? Kichwa cha yule jenerali wangu nilikichonga kwa kisu cha jikoni. Mama yako alinitukana wiki nzima, lakini jenerali alipigana vita miaka arobaini.”

“Baba, siku hizi mambo si ya kisu.”

“Najua. Ya kisu yanaisha.”

Na bado hujasikia hili. Kile kipakiti cha kijani cha vitafunio ambacho watu wanaweka juu ya mashine ili iwe na adabu, mume wangu alishakinunua, kwa ajili ya kompyuta ambayo hana. Kikaisha muda wake. Akanunua kingine.

Sasa mwezi wa saba umeingia na mume wangu ana uso wa mtu aliyesamehewa kifungo. “Unajua mwenyewe, mwezi wa mizimu mtu hanunui kitu kikubwa.” Shangazi, pikipiki yake aliinunua mwezi wa saba mwaka jana kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei, na mizimu hatukuisikia.

Ninalotaka kuungama ni hili. Wiki mbili zilizopita Mzee aliniuliza mimi, si mwanawe, na sauti yake ilikuwa ndogo, nikashindwa, nikamwambia filamu imebaki muziki tu. Akaenda kwenye simu akawaita wazee wanne wa kundi lake, mmoja anatoka Pingtung kwa treni, waje waione sikukuu ya mwezi mpevu, tarehe kumi na tano mwezi wa nane. Amekwisha agiza na keki. Na wiki hiyohiyo daktari akaniita pembeni akaniambia hawezi kuahidi kitu kuhusu jicho hilo.

Je, nichukue akiba yetu nikanunue prosesa mwenyewe kwa siri, na kama ndiyo, ipi? Au nimwambie Mzee ukweli avunjike moyo? Nisaidie, nimechoka, sina mwingine wa kumuuliza ambaye hataniambia ningoje toleo jipya.

Mke Aliyechoka, Huwei

*

Mke Aliyechoka,

Umetaja jina la mumeo, la baba mkwe na la mji, halafu wewe ndiye ukajificha. Haya.

Nianze na prosesa, maana najua mumeo hatasoma zaidi mpaka aone jibu. Mezani. Niliuza kompyuta Taichung miaka kumi na tisa mpaka magoti yakagoma kusimama dukani, na wanaume wa aina ya Ching-yuan nimewaona kwa mamia, wanakuja na karatasi, wanaondoka na karatasi. Studio ni ya mtu anayetoa filamu kutwa kucha na mteja amesimama mlangoni. Mtu wa kamera nne na onyesho moja la saa mbili akinunua Studio ni sawa na kukodi basi la watalii kwenda kununua tofu. Tuseme Studio ingemaliza kazi hiyo dakika ishirini mapema. Ametumia zaidi ya miezi mitatu kutafuta dakika ishirini. Mweleze aongeze mstari huo kwenye jedwali lake, uwe wa mia na arobaini na moja.

Lakini usiende kuinunua kwa siri, dada. Utaiweka mezani, yeye ataigeuza sanduku, atasoma namba, atasema toleo hili lina kasoro, na mtakuwa na ugomvi mpya na filamu bado iko kwenye droo.

Sasa niachie nafasi niseme naye. Ching-yuan, sogea hapa. Mama Mazu hakukosa jibu. Ulimpelekea swali ambalo wewe mwenyewe ulikuwa nalo jibu, angefanya nini zaidi ya kucheka? Wewe unapiga video za harusi. Unajua kabisa kwamba picha nzito zinatengenezewa nakala nyepesi, mtu anakata na kuunga kwenye hizo nakala, hata kwenye kompyuta ya zamani, bila kukwama, halafu mwisho mashine inatoa filamu kamili hata ikichukua siku mbili. Wapiga video wa harusi waliokuwa wanakuja dukani kwangu walikuwa wanafanya hivyo wakati wewe hujaoa. Unajua. Dada, muulize kwa nini hajazitengeneza nakala hizo, halafu mtazame usoni.

Mimi nitamsaidia kujibu. Anaogopa. Filamu ikiisha, baba yake amemaliza kucheza. Maadamu diski zimefungwa kwenye droo, lile onyesho la mwezi wa tatu bado lina kitu cha kufanyiwa. Namwonea huruma, na sisemi hivi kwa kumdhihaki, kwa sababu marehemu mume wangu aliacha redio mbovu na mimi nilikaa nayo miaka miwili bila kuipeleka kwa fundi, nikisema natafuta fundi mzuri. Ila redio ile haikuwa inapofuka. Mimi nilikuwa na muda wa kuwa mjinga, yeye hana.

Na wewe usidhani umepona. Umeniandikia kurasa nne ukimsema mumeo kwa kulinganisha, na wewe uko wapi? Diski ziko kwenye droo ya televisheni. Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Ya televisheni, dada! Miezi mitatu na zaidi unakaa mbele ya televisheni hiyo, baba mkwe wako amekaa ubavuni, kitu anachokililia kiko hatua moja kutoka magotini mwake, na wewe unamdanganya habari ya muziki. Umekasirika, sawa, una haki. Lakini ulikuwa unamngoja mumeo kama yeye anavyongoja toleo jipya.

Sikiliza utakavyofanya. Mweleze Mzee ukweli kwa kinywa chako, leo, usimtume mtu. Sema, baba, nilikudanganya, muziki bado, kila kitu bado, nisamehe. Atakutukana. Mtu aliyetukana kwa sauti za majenerali miaka sitini atakuwa na matusi mazuri, yasikilize mpaka yaishe. Halafu mkalishe kwenye kigoda karibu kabisa na kioo cha kompyuta, upande ambao jicho la kushoto linauona, mwonyeshe kamera moja ya mbele, hivyohivyo ilivyo, haijakatwa, na mtu anayepita mbele ya kamera, na mtoto anayelia, na yote. Kamera moja peke yake hata hiyo kompyuta yenu ya zamani inaimudu. Usimwonyeshe saa mbili zote kwa siku moja, jicho litachoka. Nusu saa inatosha, kesho nusu saa nyingine.

Akae na kile kijiti chake cha kulia mkononi. Kila anapotaka kitu kibaki, agonge kigoda. Anapotaka kiondolewe, aseme ondoa. Na Ching-yuan akitoka kiwandani kwake kwenye mashine za taulo aje akae hapo na daftari aandike dakika, kwa sababu filamu hii ina mtu mmoja tu anayejua wapi pa kukata, na mtu huyo anauliza kila asubuhi kwenye uji na mnamwambia bado. Akikataa kukaa, andika wewe. Mkifika mwisho mtakuwa na filamu nzima kwenye daftari, na kuikata kwenye zile nakala nyepesi ni kazi ya siku nne. Wale wazee waje, na wa Pingtung aje. Kama haijakamilika siku hiyo, waione nusu, wao ni wachezaji, wamezoea jukwaa kuangushwa na mvua katikati ya vita.

Mwezi wa nane ukifika, kama bado anataka kompyuta mpya, aende kwa A-piao na menyu moja, simu aiache nyumbani. Na amuombe yule fundi radhi.

Gazeti hili linafika Huwei saa moja asubuhi. Mkwe wako ameshaamka. Liweke chini, nenda ukafungue droo.

Shangazi Yueh-o